André-Marie Ampère: Maisha ya Mtu Aliyeupa Mkondo wa Umeme Jina na Kipimo

Utangulizi

Katika nyanda za juu za Kericho na Bomet, kazi ya chai haiishii shambani. Majani yanayochumwa Belgut, Bureti na Konoin hupelekwa kiwandani siku iyo hiyo. Huko hunyaushwa juu ya vitanda virefu vinavyopulizwa hewa na feni kubwa, hukatwa na kupondwa kwa mashine za chuma, huachwa yabadilike rangi, kisha hukaushwa na kuchambuliwa. Kila hatua kati ya hizo ina mota yake, na ubavuni mwa kila mota pamepachikwa kibati kidogo chenye tarakimu. Mojawapo ya tarakimu hizo hufuatwa na herufi A. Fundi umeme wa Litein, Momul, Kapkoros au Mogogosiek huisoma herufi hiyo kila anapoifungua mota au kuirudisha kazini. Si wengi wanaokumbuka kwamba herufi hiyo ni jina la mtu.

Mtu huyo ni André-Marie Ampère, Mfaransa aliyefariki dunia mwaka 1836. Makala haya yanasimulia maisha yake tangu utotoni hadi kifo chake, na yanaonyesha jinsi ugunduzi wake ulivyoishia kuwa ndani ya kifaa kinachoshikwa mkononi na fundi wa leo. Kwa wanafunzi wa Kiswahili maisha haya yana sababu ya ziada ya kusomwa. Ampère hakuwa mwanasayansi tu. Alikuwa pia mpenzi wa lugha, mtunzi wa mashairi na mbunaji wa istilahi. Aligundua kwamba mambo mawili yaliyokuwa yakiitwa kwa jina moja yalikuwa mambo tofauti, akayapa kila moja jina lake. Tofauti hiyo ya majina, kama itakavyoonekana, huweza kuokoa uhai wa mtu.

Utoto na Malezi

Ampère alizaliwa tarehe 20 Januari 1775 katika jiji la Lyon, Ufaransa. Baba yake, Jean-Jacques Ampère, alikuwa mfanyabiashara wa hariri aliyejiweza. Familia ilikuwa na nyumba katika kijiji cha Poleymieux, si mbali na Lyon, na huko ndiko mtoto huyo alikokulia. Baba alivutiwa mno na mawazo ya mwanafalsafa Rousseau kuhusu malezi, hivyo hakumpeleka mwanawe shule. Badala yake alimfungulia milango ya maktaba yake na kumwacha asome alichokipenda.

Mtoto alisoma kwa uchu. Aliisoma ensaiklopidia kubwa ya Diderot na d'Alembert juzuu kwa juzuu, na hata uzeeni aliweza kuyakariri baadhi ya maelezo yake kwa moyo. Alipotaka kuvisoma vitabu vya hisabati vya Euler na Bernoulli alikuta vimeandikwa kwa Kilatini. Jambo hilo halikumvunja moyo. Alijifunza Kilatini, akarudi kuvisoma. Akiwa na umri wa miaka 13 alipeleka andiko la hisabati katika chuo cha wanazuoni cha Lyon. Andiko hilo halikuchapishwa, lakini lilikwisha kudhihirisha aina ya akili aliyojaliwa.

Mapenzi yake hayakuwa kwa hisabati pekee. Aliandika mashairi, alianza tenzi ndefu ambazo hakuzimaliza, na waandishi wa maisha yake husimulia kwamba ujanani alijaribu kuunda lugha mpya ambayo watu wa mataifa yote wangeielewa, akaitungia sarufi na msamiati. Lugha hiyo haikupata wasemaji. Hata hivyo, tabia ya kutafuta neno linalolingana na kitu bila kuzidi wala kupungua haikumtoka maishani.

Misiba Miwili

Mwaka 1789 Mapinduzi ya Ufaransa yalianza. Baba yake Ampère alipewa wadhifa wa hakimu wa amani mjini Lyon, na katika wadhifa huo alihusika na kukamatwa kwa Chalier, kiongozi wa Wajakobini wa mji huo, ambaye aliuawa Julai 1793. Lyon ilikuwa imeiasi serikali ya Paris. Jeshi la serikali likauzingira mji, na ulipoanguka Oktoba mwaka huo kisasi kikafuata. Jean-Jacques Ampère alihukumiwa na kukatwa kichwa kwa gilotini tarehe 24 Novemba 1793. Mwanawe alikuwa na umri wa miaka 18.

Pigo hilo lilimwacha Ampère kama mtu aliyetokwa na roho. Kwa muda unaokaribia mwaka mzima hakusoma, hakufanya hesabu, wala hakuzungumza na watu ipasavyo. Kilichomrejesha duniani kilikuwa maandishi ya Rousseau kuhusu mimea na mashairi ya Horace wa Roma ya kale. Alianza kutembea mashambani akichuma majani na maua ya kuyachunguza, huku akitamka beti za Kilatini. Kwa hiyo fasihi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomponya mtu ambaye baadaye fizikia ingejivunia kuwa wake.

Mwaka 1799 alimwoa Julie Carron, msichana aliyempenda kwa miaka mitatu kabla ya kukubaliwa. Agosti 1800 walipata mtoto wa kiume, Jean-Jacques, aliyepewa jina la babu yake. Ampère alijikimu kwa kufundisha hisabati, na mwaka 1802 akapata kazi ya kufundisha fizikia na kemia katika shule ya mji wa Bourg. Julie alikuwa amekwisha kuugua, akabaki Lyon. Mume na mke wakawa wanaishi kwa barua. Mwaka huohuo Ampère alichapisha kitabu kuhusu hesabu za kamari, akathibitisha kwamba mcheza kamari anayecheza bila kukoma dhidi ya wapinzani wenye mali isiyokwisha hana budi kufilisika. Kazi hiyo ilimpatia sifa na kumfungulia njia ya kuhamishiwa Lyon karibu na mkewe. Alihamia huko mwaka 1803, lakini Julie alifariki dunia Julai mwaka huohuo.

Paris

Mwaka 1804 Ampère aliondoka Lyon akaenda kufundisha katika chuo cha ufundi na sayansi cha École Polytechnique, Paris. Mwaka 1806 alioa tena, lakini ndoa hiyo haikuwa na heri. Alizaa ndani yake binti mmoja, Albine, kisha mume na mke wakatengana na mtoto akabaki kwa baba. Mwaka 1808 aliteuliwa kuwa mkaguzi mkuu wa elimu, kazi iliyomlazimu kusafiri mikoani mara kwa mara kukagua shule. Mwaka 1809 akawa profesa wa hisabati, na mwaka 1814 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Sayansi.

Katika miaka hiyo alijishughulisha na hisabati, kemia na falsafa kwa pamoja. Wanafunzi wake walimjua kama mtu mwema aliyezama katika mawazo kiasi cha kusahau yaliyo mbele ya macho yake, na visa vingi vya usahaulifu wake vilisimuliwa Paris, vingine yamkini vikiwa vimetiwa chumvi. Alipofikisha umri wa miaka 45 alikuwa mwanazuoni anayeheshimiwa, ila hakuwa bado amefanya jambo ambalo lingelifanya jina lake litamkwe katika kiwanda cha chai cha Kericho.

Majuma Machache ya Mwaka 1820

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aligundua kwamba sindano ya dira huyumba ikiwekwa karibu na waya unaopitisha umeme. Habari hiyo iliwashangaza wengi, kwa kuwa umeme na sumaku vilidhaniwa kuwa mambo mawili yasiyohusiana. Mwanzoni mwa Septemba Arago aliwaeleza wanachama wa Chuo cha Sayansi habari hiyo, na tarehe 11 Septemba akalionyesha jaribio lenyewe mbele yao. Ampère alikuwapo.

Kuanzia hapo hakupumzika. Tarehe 18 Septemba, baada ya juma moja tu, alisoma andiko lake la kwanza kuhusu suala hilo. Tarehe 25 Septemba alionyesha jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelionyesha kabla yake: nyaya mbili zilizo sambamba, zisizo na sumaku yoyote kati yake, huvutana mikondo yake ikielekea upande mmoja, na husukumana mikondo hiyo ikielekea pande zinazokinzana. Alihitimisha kwamba sumaku yenyewe ni umeme unaozunguka. Baadaye, kwa ushauri wa rafiki yake Fresnel, alipendekeza kwamba ndani ya kila chembe ya chuma cha sumaku mna mikondo midogo isiyokoma.

Ili kueleza sindano ya dira itaelekea wapi, alibuni picha ambayo mwanafasihi hawezi kuipuuza. Alimtaka mtu ajifikirie amelala ndani ya mkondo kama mwogeleaji, umeme ukimwingia miguuni na kumtoka kichwani, naye akiwa ameikabili sindano. Ncha ya kaskazini ya sindano huelekea upande wa mkono wake wa kushoto. Kwa sitiari hiyo waya ukawa mto.

Kutofautisha na Kutaja

Kazi kubwa ya Ampère katika siku hizo ilikuwa pia kazi ya lugha. Kabla yake watu walizungumzia umeme kama kitu kimoja kisicho na sehemu. Yeye aliona kwamba mna mambo mawili. La kwanza ni msukumo ulio kati ya ncha mbili za betri hata kama hazijaunganishwa. La pili ni mwendo wa umeme unaotokea pale tu ncha hizo zinapounganishwa na njia ikafungika. La kwanza halimgusi sindano wa dira. La pili ndilo linaloiyumbisha. Msukumo huo ndio ambao kwa Kiswahili leo huitwa volteji, na mwendo huo ndio mkondo. Alipendekeza pia kwamba kifaa kinachotumia sindano ya dira kupima mkondo kiitwe galvanomita, kwa heshima ya Mwitaliano Galvani. Jina la solenoidi, yaani waya uliosokotwa kama chemchemi ya chuma, nalo ni lake, sawa na jina la tawi zima la elimu ya mikondo na nguvu zake. Alifikiria hata kutumia nyaya na sindano kupeleka herufi za maandishi mbali, miaka mingi kabla ya simu za maandishi kuenea.

Maelezo kamili ya nadharia yake yalichapishwa mwaka 1826. Ndani yake alionyesha kwa hesabu jinsi nguvu kati ya mikondo miwili inavyotegemea ukubwa wa mikondo hiyo, umbali kati yake na mielekeo yake. Maxwell, mwanasayansi wa Uskoti wa kizazi kilichofuata, aliithamini kazi hiyo kuwa miongoni mwa kazi bora kabisa za sayansi. Maxwell ndiye pia aliyeipa sura yake ya leo kanuni inayoitwa kwa jina la Ampère: kwamba uga wa sumaku unaouzunguka waya hulingana na mkondo unaopita ndani ya mzunguko huo.

Hata hivyo, haifai kumsifu mtu kwa kuficha alichokikosa. Mwaka 1822, akiwa Geneva pamoja na kijana de la Rive, Ampère aliona pete ya shaba ikisogea karibu na sumaku kila mkondo ulipopitishwa katika koili iliyokuwa jirani, ingawa pete yenyewe haikuunganishwa na betri. Mbele yake palikuwa na mkondo uliozaliwa na badiliko la sumaku. Akili yake wakati huo ilikuwa imeelekezwa kwenye swali jingine, akalipita jambo hilo bila kulifuatilia. Miaka 9 baadaye, mwaka 1831, Mwingereza Faraday aliligundua upya na kulieleza, na sifa zikawa zake kwa haki.

Miaka ya Mwisho

Mwaka 1824 Ampère alipewa kiti cha fizikia katika Collège de France. Afya yake ilikuwa imeanza kudhoofika, na nyumbani hapakuwa na utulivu. Binti yake Albine aliolewa na mwanajeshi wa zamani aliyekuwa mlevi na mkali, na baba akabeba mzigo wa ndoa hiyo. Mwanawe Jean-Jacques alifuata njia ya fasihi. Akawa mwanahistoria wa fasihi, na mwaka 1847 akachaguliwa kuingia katika Chuo cha Ufaransa cha lugha. Kwa hiyo mapenzi ya baba kwa maneno yaliendelea kuishi ndani ya mwana.

Ampère mwenyewe alitumia miaka yake ya mwisho kujaribu kuzipanga elimu zote za mwanadamu katika mfumo mmoja. Juzuu ya kwanza ya kazi hiyo ilitoka mwaka 1834, na ya pili ilichapishwa mwaka 1843 baada ya kifo chake. Ndani ya mpangilio huo alitumia neno la asili ya Kiyunani kuitaja sanaa ya kutawala, neno ambalo karne iliyofuata ilikuja kulitumia kwa elimu ya mifumo inayojiongoza, nalo ndilo shina la msamiati wote wa saiba.

Mwaka 1836, akiwa safarini katika ukaguzi wa shule, aliugua. Alifariki dunia mjini Marseille tarehe 10 Juni 1836, akiwa na umri wa miaka 61. Mwaka 1869 mabaki yake yalihamishiwa makaburi ya Montmartre, Paris.

Kutoka Jina la Mtu hadi Kipimo

Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa umeme uliofanyika Paris uliamua kwamba kipimo cha mkondo kiitwe kwa jina lake. Hivyo akawa ampea. Mwaka 1948 kipimo hicho kilifafanuliwa kwa jaribio lake mwenyewe la nyaya mbili sambamba. Ampea moja ilikuwa mkondo ambao ukipita katika kila mojawapo ya nyaya mbili ndefu zisizo na mwisho, zikiwa zimetengana kwa mita moja katika ombwe, huzifanya zivutane kwa nguvu ya sehemu mbili za milioni kumi za nyutoni kwa kila mita ya urefu. Tangu tarehe 20 Mei 2019 ufafanuzi huo umeachwa. Ampea sasa hufafanuliwa kwa kuhesabu chaji ndogo kabisa za umeme, takriban trilioni milioni 6.24 kwa kila sekunde. Jina limebaki.

Kibati cha mota ya kiwandani kinatoa mfano mzuri wa maana ya kipimo hicho. Mota ya kilowati 30 inayotumia umeme wa njia tatu wa volti 415 huchukua takriban ampea 53 ikiwa na mzigo kamili. Inapoanza kuzunguka huweza kuchukua mara 5 hadi 8 ya kiasi hicho kwa muda mfupi, yaani mamia ya ampea. Multimita ya dijitali ambayo fundi wengi huwa nayo haiwezi kupitisha mkondo wa namna hiyo. Tundu lake kubwa la ampea kwa kawaida huishia ampea 10, na mara nyingi kwa sekunde chache tu.

Sababu iko katika namna multimita inavyofanya kazi. Kifaa hicho hakiuoni mkondo wenyewe. Huupitisha ndani ya kipande cha chuma chenye ukinzani mdogo sana, hupima volteji ndogo inayotokea kati ya ncha za kipande hicho, kisha huigeuza kuwa tarakimu. Kwa hiyo mtu anapopima ampea, mita huwa sehemu ya njia ya umeme, na kizuizi kinachoiweka kwenye njia hiyo ni karibu sifuri. Fundi akisahau waya wa kupimia katika tundu la ampea, kisha akazigusisha ncha zake kwenye njia mbili za volti 415 akidhani anapima volteji, huwa ameziunganisha njia hizo kwa chuma kitupu. Ikiwa fyuzi ya ndani ni ya daraja lisilofaa, au ilikwisha kubadilishwa kwa kipande cha waya, mita huweza kulipuka mkononi mwake.

Kwa mikondo mikubwa, njia salama ni tatu. Ya kwanza ni kipande cha nje cha ukinzani kilichotengenezwa kwa kipimo maalumu. Kama kipande hicho hutoa milivolti 75 kwa ampea 100, multimita ikionyesha milivolti 40 mkondo ni takriban ampea 53. Njia hiyo hufaa zaidi kwa umeme wa betri. Ya pili ni transfoma ya mkondo, ambayo hupunguza ampea 100 kuwa ampea 5 za kupimika. Ncha zake haziachwi wazi kamwe wakati njia kuu ina mkondo, kwa kuwa volteji ya hatari huzuka kati yake.

Ya tatu ndiyo inayomrudisha Ampère kiwandani. Ni mita yenye taya zinazofunguka na kuukumbatia waya bila kuukata wala kuugusa shaba yake. Taya hizo huukusanya uga wa sumaku unaouzunguka waya, na ukubwa wa uga huo ndio unaosema mkondo ni ampea ngapi. Kwa umeme unaobadili mwelekeo, mita hiyo hutegemea koili na ugunduzi wa Faraday, yaani jambo lilelile ambalo Ampère aliliona Geneva akalipita. Kwa umeme wa mwelekeo mmoja, huhitaji kihisio kinachotumia athari iliyogunduliwa na Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879.

Taya zikumbatie waya mmoja peke yake. Zikikumbatia kebo nzima yenye nyaya tatu za mota, mita huonyesha karibu sifuri ijapokuwa mota inanguruma, kwa sababu nyuga za nyaya hizo hufutana. Fundi asiyejua hilo hudhani kwamba hakuna umeme, akaingiza mkono. Anayejua hukumbuka kwamba mikondo inayokinzana hubatilishana, jambo ambalo mwanzo wake ni meza ya majaribio ya Septemba 1820.

Funzo kwa Kiswahili

Nchini Kenya umeme huitwa stima, neno lililotokana na chombo cha mvuke. Ni neno zuri lenye historia yake, na hakuna haja ya kulikataa. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kazini neno hilo hubeba maana ya volteji, ya mkondo na ya nguvu kwa pamoja. Mwanagenzi akiambiwa apime stima ya mota hajui aweke waya wa kupimia katika tundu lipi. Mkanganyiko ambao Ampère aliutatua mwaka 1820 hurudi hapo kwa mlango wa lugha, na gharama yake si alama za mtihani bali ni vidole, macho na uhai.

Kiswahili hakikosi maneno ya kuutatua. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ni ushahidi kwamba wanaleksikografia walikwisha kuifanya sehemu yao. Neno mkondo linastahili sifa za pekee. Mwenyeji wa Kericho au Bomet anayeijua mito ya Itare na Kipsonoi hahitaji kufafanuliwa sana kwamba mkondo ni maji yanayokwenda, si maji yaliyotulia bwawani, na kwamba urefu wa maporomoko si kitu kimoja na wingi wa maji yanayopita. Mito ya nyanda hizo huteremka hadi mto Sondu, ambao maji yake huzungusha mitambo ya Sondu-Miriu yenye uwezo wa megawati 60. Maji yanakuwa umeme, na neno linabaki lilelile.

Kilichobaki ni kulitoa neno kamusini na kulifikisha kwenye bodi ya swichi. Watafiti wa istilahi wanaweza kukusanya maneno wanayoyatumia mafundi wa viwanda vya chai, kuyalinganisha na yale ya kamusi, na kuona ni wapi neno moja linabeba mizigo miwili. Maonyo yanayobandikwa kando ya mitambo nayo yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili kinachotenganisha volteji na mkondo.

Hitimisho

Wahenga walitufundisha kwamba vyaelea kwa kuwa vimeundwa. Herufi A iliyo kwenye kibati cha mota imeundwa kwa maisha ya mtu aliyefiwa na baba kwa gilotini, akafiwa na mke mapema, akatumia umri wake kufundisha, kukagua shule na kutafuta maneno sahihi. Ampère hakuvumbua taa wala mota. Alichofanya ni kuona tofauti mahali ambapo wengine waliona kitu kimoja, kuipa tofauti hiyo majina, na kuithibitisha kwa hesabu. Kazi ya namna hiyo haiko mbali na kazi ya mwanaisimu. Kila fundi anayelichagua tundu sahihi kabla ya kugusa nyaya anafaidi matunda yake, na kila istilahi ya Kiswahili inayomwezesha fundi huyo kuchagua vyema inastahili kuhesabiwa miongoni mwa zana za kazi.